Kaye mbili, jambo moja: namna ya kujitayarisha kwa mekanike ya Ekzeta



Mwezi huu tunaongea na wale wa mwaka wa mwisho wa sekondari, wale ambao watu wanaendelea kuwaita "ba sita" hata kama programu mpya imebadilisha hesabu ya miaka. Zaidi tunaongea na wale wa sayansi. Ekzameni ya Leta ilianza mwaka 1967, na tangu wakati ule imekuwa mlango mmoja kwa watoto wote wa Kongo. Baba zenu wengi wamepita hapo. Siku nne za kikao cha kawaida, maulizo yenye majibu ya kuchagua, na mwishoni asilimia 50, au unarudia.

Katika mazungumzo ya vijana, hapa Butembo na kule Beni, kuna lalamiko ambalo halikosi: mekanike. "Pasta, mafomule ni mengi. Nikikamata moja, ingine inatoroka." Kijana anayesema hivyo anaona njia mbili za mkato karibu naye. Ya kwanza ni kuacha masomo na kwenda kwenye dhahabu, upande wa Manguredjipa au pengine. Ya pili ni kutafuta mtu wa kumuuzia majibu. Tutasema juu ya hizo njia mbili. Lakini kwanza tufanye fizike yenyewe, maana mtu asiyeelewa hasaidiwi na mashauri peke yake.

Sindano ya pikipiki

Unayo kaye ya matematike. Ndani yake kuna derive na integrali. Unayo pia kaye ya fizike, na ndani yake kuna mwendo, akselerasio na nguvu. Shida ya vijana wengi ni kwamba hizi kaye mbili hazijasalimiana hata siku moja. Kumbe zinasema jambo moja.

Toka Butembo mpaka Beni ni karibu kilometa 54. Motari akitumia saa moja na nusu, mwendo wake wa kati ni kilometa 36 kwa saa. Lakini uliza abiria wake. Atakuambia kwamba kwenye matope walikuwa wanatambaa, na mahali njia ni nzuri alishika kofia yake kwa mikono miwili. Ile 36 haisemi hayo. Sindano ya kontere ndiyo inayosema mwendo wa kila nukta.

Sindano hiyo ndiyo derive. Unachukua kipande kidogo cha njia, unakigawanya kwa kipande kidogo cha wakati, halafu unapunguza kile kipande cha wakati zaidi na zaidi, mpaka kinakaribia sifuri. Kinachobaki ni mwendo wa nukta ileile: v = dx/dt. Ukiuliza sindano yenyewe inapanda au inashuka kwa haraka gani, unapata akselerasio: a = dv/dt.

Integrali ni safari ya kurudi. Tuseme namba za kilometa zimeharibika, sindano tu ndiyo inafanya kazi. Abiria anasoma sindano kila dakika, anazidisha kwa dakika moja, anaandika, na mwisho anajumlisha yote. Amepata urefu wa njia bila kuupima. Akisoma kila sekunde badala ya kila dakika, jibu linakuwa sawa zaidi. Ile alama ndefu ya integrali ni kujumlisha tu vipande vidogo vingi.

Basi, toka mahali kwenda mwendo, na toka mwendo kwenda akselerasio, unafanya derive. Ukirudi unafanya integrali. Na kila mara unaporudi lazima uongeze hali ya mwanzo: alianza na mwendo gani, alianzia wapi. Ile C ambayo mwalimu wa matematike anapigia kelele, katika fizike ina jina: ni v₀, ama ni x₀.

Mafomule matatu, mti mmoja

Tazama sasa. Akselerasio isipobadilika, integrali yake ni v = v₀ + at. Fanya integrali tena, unapata x = x₀ + v₀t + ½at². Hiyo ½ ambayo watu wanasahau haikutoka mbinguni, ni integrali ya t. Kisha ukitoa t kati ya hizo mbili, unapata v² = v₀² + 2a(x − x₀). Hayo ni matawi ya mti mmoja. Anayejua shina hawezi kupoteza tawi, kwa sababu ataliotesha tena palepale kwenye karatasi ya brujo.

Faida ya pili ni kubwa zaidi. Chukua ulizo hili: kitu kina v₀ = 2 m/s, kinaanzia x₀ = 0, na akselerasio yake ni a = 6t. Mwendo wake ni gani baada ya sekunde 3, na kimefika wapi?

Mwenye kukariri anasema: kwa t = 3, a ni 18. Kwa hiyo v = 2 + 18 × 3 = 56, na x = 2 × 3 + ½ × 18 × 9 = 87. Anatafuta 56 na 87 kati ya majibu, anaziona, anafurahi. Lakini amekosa, kwa sababu akselerasio ilikuwa inabadilika njia nzima. Mwenye kuelewa anafanya integrali: v = 3t² + 2, ni kusema 29 m/s; x = t³ + 2t, ni kusema mita 33.

Jua hili vizuri: katika maulizo ya kuchagua, majibu ya uongo hayawekwi ovyo. Mtu anayetunga ulizo anajua makosa ya kawaida, na anaweka mtego mahali unapopenda kupita. Kuona jibu lako katika orodha si alama kwamba ni la kweli.

Jiwe katika shimo

Ninyi mnaokaa karibu na karieri, hili ni lenu. Jiwe likiachwa lianguke bila kusukumwa, tukiacha upepo pembeni, linashuka ½gt². Kwa g = 9,8, sekunde ya kwanza linafika mita 4,9. Sekunde mbili, mita 19,6. Sekunde tatu, mita 44,1.

Toa moja kwa ingine: 4,9, kisha 14,7, kisha 24,5. Ni mara 1, mara 3, mara 5. Galileo, mtu wa Italia, aliona utaratibu huu akiviringisha mpira kwenye mbao ya mteremko na kupima wakati kwa maji yanayotiririka, na aliuandika katika kitabu cha mwaka 1638. Wewe unaweza kuurudilia leo na mbao, kipira na saa ya simu.

Na mwendo? Derive ya ½gt² ni gt. Baada ya sekunde 2 jiwe lina 19,6 m/s, karibu kilometa 70 kwa saa. Jiwe lenye kujaa mkono, mita 20 tu za shimo, na linafika chini na mwendo wa gari kwenye lami. Ndiyo sababu mtu aliye juu asicheze na mawe, na aliye chini asivue kofia ngumu. Hesabu hii mwanafunzi anaweza kumwonyesha baba yake au yaya yake anayechimba. Labda ni mara ya kwanza fizike ya nyumba italeta faida kabla ya diplome kufika.

Neno moja juu ya g. Mstari wa ikweta unapita karibu sana na Butembo, upande wa kusini. Kwenye ikweta g ni karibu 9,78, na kwenye ncha za dunia ni karibu 9,83, kwa sababu dunia inazunguka na imevimba katikati. Lakini ulizo likisema "chukua g = 10", chukua 10. Kwanza soma.

Chukudu inafundisha kuchagua

Chukudu yenye kilo 100 pamoja na mzigo iko kwenye mteremko. Ni nguvu gani inaivuta chini? Umesahau kama ni mg sin α ama mg cos α. Usiombe jirani. Jiulize: njia ikiwa sawa kabisa, α = 0, chukudu itafanya nini? Itatulia. Sin 0 ni sifuri, cos 0 ni 1. Basi ni sin, imekwisha.

Kama njia inashuka mita 1 katika kila mita 10 za urefu wake, sin α = 0,1. Nguvu ni 100 × 9,8 × 0,1 = niutoni 98. Gawanya kwa kilo 100, akselerasio ni 0,98 m/s². Bila breki na bila msuguano, baada ya sekunde 10 chukudu ina 9,8 m/s, karibu kilometa 35 kwa saa. Yule kijana anayeshuka nayo anajua hayo kwa visigino vyake. Wewe ujue kwa kalamu.

Njia hii ya kujaribu sifuri inafukuza majibu mengi ya uongo. Ingine ni vipimo: kama wanatafuta mwendo na jibu linatoa kilo ama mita peke yake, lifute mara moja.

Angalia pia kazi ya nguvu. W = F × d ni ya nguvu isiyobadilika tu. Resori inavuta zaidi kadiri unavyoirefusha: F = kx. Hapo unafanya integrali na unapata ½kx². Kwa k = 200 N/m na x = 0,1 m, kazi ni juli 1. Anayezidisha nguvu ya mwisho, niutoni 20, kwa 0,1 anapata juli 2, na mtego wake unamngojea kwenye orodha.

Majuma kumi

Gawanya kazi hivi, na kila siku saa moja isiyokatwa:

1. Juma la 1 na la 2: derive na integrali tupu. Za t yenye vipeo, za sin na cos. Mpaka mkono uende wenyewe.
2. La 3 na la 4: mahali, mwendo, akselerasio, pamoja na grafike. Ujue kwamba mteremko wa grafike ni derive, na eneo chini yake ni integrali.
3. La 5 na la 6: sheria za Niutoni. Kila zoezi lianze na mchoro, mishale ya nguvu, na upande ambao umechagua kuwa chanya.
4. La 7 na la 8: kazi, nguvu ya mwendo, migongano.
5. La 9: maulizo ya miaka iliyopita, saa mkononi, kaye imefungwa.
6. La 10: rudia makosa yako tu.

Kwa juma la mwisho unahitaji kaye ndogo ya makosa. Kila kosa liandikwe na sababu yake: "nilisahau v₀", "sikubadilisha km/h kuwa m/s". Baada ya miezi miwili utaona kwamba makosa yako si mia, ni matano yanayorudi.

Usisome kwa kutazama tu. Kutazama zoezi lililotengenezwa na mwalimu ni kama kutazama mwingine akila. Funga kaye, chukua karatasi nyeupe, anza. Ukikwama, fungua, ona mstari mmoja, funga tena.

Na lugha? Ekzameni iko kwa Kifaransa, na kichwani wengi wanafikiri kwa Kinande ama kwa Kiswahili. Si haya. Mweleze mdogo wako zoezi kwa Kiswahili, akielewa, umeelewa. Lakini jifunze pia maneno ya ulizo ambayo yanaficha namba. "Part du repos" ni kusema v₀ = 0. "S'arrête" ni kusema v ya mwisho ni 0. "Frottements négligeables" ni kusema usihesabu msuguano.

Msome watu wanne ama watano pamoja. Viongozi wa kanisa, chumba cha masomo ya watoto hakina kazi jioni. Wapeni ufunguo, taa ya sola na tablo.

Kwa waliokimbia

Tangu Oktoba 2014, familia nyingi za upande wa Mbau, Oicha na Eringeti zimekimbia mauaji na kuingia mijini. Kati yao kuna wanafunzi waliofika bila kaye hata moja. Kisha kukawa na Ebola, toka 2018 mpaka 2020, na mwaka 2020 shule zilifungwa kwa ajili ya Korona. Kijana anasema: "Miaka yangu imevunjika, nitafaulu namna gani?"

Mwaka 1665 tauni ilienea Uingereza, na chuo cha Cambridge kilifungwa. Isaac Newton, kijana wa miaka 22, alirudi kijijini kwao Woolsthorpe. Pale, bila darasa, aliendelea na kazi iliyozaa hesabu hizi tunazoita derive na integrali. Leibniz, Mjerumani, alizipata kwa njia yake, na alama tunazotumia, dx na ile S ndefu, ni zake. Kitabu kikubwa cha Newton juu ya mwendo kilitoka 1687. Sisemi kwamba tauni ilikuwa zawadi, wala kwamba vita ni zawadi. Nasema kwamba shule ikifungwa akili haifungwi. Wewe uliye na kaye kamili, mkopeshe aliyekimbia ainakili. Ni sadaka isiyopita kwenye kikapu.

Na mabinti wasidanganywe kwamba mekanike ni ya wavulana. Kitabu hicho cha Newton kiliingia Kifaransa kwa mkono wa mwanamke, Émilie du Châtelet. Alikimaliza mwaka 1749, mwaka aliokufa muda mfupi baada ya kuzaa, na tafsiri yake nzima ikatolewa 1759. Mama na baba, binti yenu wa mwaka wa mwisho akirudi kutoka shule, je, anapata ile saa moja? Ama ni maji, sahani, mtoto mgongoni, na usiku amechoka? Kaka yake ana mikono pia. Majuma kumi aoshe sahani, hatakufa.

Njia mbili za mkato

Juu ya dhahabu, sitawadanganya. Dhahabu inalisha nyumba nyingi katika eneo letu, na kuna minerval zilizolipwa kwa mchanga wa shimo. Lakini kijana anayeondoka miezi mitatu kabla ya Ekzeta anabadilisha kitu ambacho kingengoja kwa kitu kisichongoja. Mlima utakuwepo mwezi wa nane. Kikao cha ekzameni hakitakuwepo.

Juu ya kununua majibu, nasema na wazazi kwanza, maana mara nyingi feza inatoka mfukoni mwao. Ninyi mnauza dhahabu. Mnajua mizani iliyochezewa ni nini. Mmekwisha kulia kwa ajili yake: umepima nyumbani, umefika kwa mnunuzi, uzito umepungua. Diplome iliyonunuliwa ni mizani ya namna hiyo. Inaonyesha uzito ambao haumo, na mtoto wako ndiye atakayewekwa juu yake. Akifika chuo kikuu, mwaka wa kwanza, juma la kwanza, derive itamngojea mlangoni. Na kama atapita pale pia kwa bahasha, siku moja atapewa daraja alijenge, ama shimo aseme kama nguzo zake zinatosha. Udongo hausomi diplome. Unaanguka kwa kufuata sheria zake, na chini yake kuna watoto wa watu.

Wengine wanatuletea kalamu tuziombee. Tutaomba, vizuri. Lakini kalamu ambayo haijaandika zoezi hata moja, tuiombee nini?

Zoezi la mwezi

Pikipiki iko mahali x = t³ − 6t² + 9t, kwa mita, na t kwa sekunde. Inasimama wakati gani? Kati ya sifuri na sekunde 3 imekwenda umbali gani kwa jumla?

Jaribu kwanza, usisome chini.

Jibu: v = 3t² − 12t + 9 = 3(t − 1)(t − 3). Inasimama kwenye sekunde 1 na sekunde 3. Kwenye t = 1 iko mita 4; kwenye t = 3 iko sifuri. Imekwenda mita 4 na kurudi mita 4: jumla ni mita 8. Aliyejibu "sifuri" amepima mahali ilipofika, hakupima njia. Mwambie auulize mtungi wa mafuta.

Kama umekosa, andika kosa lako kwenye ile kaye ndogo, na sababu yake. Kesho chukua karatasi nyeupe, urudie bila kutazama.